Kichwa Kilichoafiki Kila Jambo

Mkutano wa mchana katika idara ya magonjwa ya ndani una kanuni isiyoandikwa popote: marezidenti, yaani madaktari walio katika mafunzo ya ubingwa, huja kutafuta kiti na usingizi, na mhadhiri huja kutafuta angalau jicho moja lililo wazi. Mambo hubadilika siku ya kisa fumbo, ambapo mgonjwa wa kweli huelezwa bila ugonjwa wake kutajwa, na daktari bingwa ambaye hajamwona hutakiwa kufikiri kwa sauti mbele ya kadamnasi mpaka aubaini. Mtindo huu ulienezwa na Richard Cabot katika hospitali ya Massachusetts General mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu hapo umewaumbua mabingwa wengi kwa utaratibu unaostahili heshima.

Zamu yangu ya kuwasilisha ilipofika, aliyealikwa kulifumbua fumbo alikuwa profesa kutoka chuo kingine, mtu mwenye sauti ya kutikisa madirisha. Mgonjwa wangu alikuwa mzee aliyehema kila alipopanda ngazi, aliyesikia moyo ukimgonga kifuani kila alipolalia ubavu wa kushoto, na ambaye shinikizo lake la damu lilikuwa 170 kwa 50. Vali yake ya aota, yaani mlango kati ya moyo na mshipa mkuu utoao damu moyoni, haikuwa ikifunga sawasawa, hivyo sehemu ya damu iliyokwisha kusukumwa nje ilirudi moyoni kila moyo ulipolegea. Tulikubaliana kwamba angesubiri nje hadi slaidi ya mwisho, kisha aingie ili jawabu lionekane kwa macho.

Rezidenti mkuu, ambaye hakuwa na habari na mpango huo, alimkuta mzee amesimama koridoni, akaona huo si ubinadamu, akamwingiza na kumketisha mstari wa mbele kabisa. Mzee alikuwa amevaa suti na tai, ameshika daftari na kalamu, na miwani yake ilikuwa imeshuka hadi nchani mwa pua. Ukumbi mzima ulimdhania ni bingwa mgeni.

Balaa lilikuwa kichwa. Vali hiyo inapovuja sana, kila pigo la moyo huwa na nguvu kiasi cha kukitikisa kichwa, dalili iliyopewa jina la mshairi Mfaransa Alfred de Musset, ambaye nduguye ndiye aliyekiona kichwa chake kikiitikia bila kuulizwa. Basi mzee alikaa pale akiafiki. Rezidenti wa mwaka wa kwanza alipopendekeza kifua kikuu, mzee aliafiki; aliyefuata alipoeleza kwa nini hakiwezi kuwa kifua kikuu, mzee aliafiki vilevile, tena kwa mwendo uleule.

“Naona mwenzangu pale mbele tunakwenda pamoja,” alisema Profesa, akaanza kumhutubia yeye peke yake. Nami ningesema nini? Kueleza kwa nini kichwa kile kinatikisika kungekuwa sawa na kulitaja jawabu, na slaidi zilizobaki zilikuwa nyingi.

Profesa aliigusia vali ya aota, namshuhudia kwa hilo. Kwa bahati mbaya, dakika hiyohiyo kalamu ya mzee ilianguka, naye akainama chini ya kiti kuitafuta. Profesa aliangalia, hakuona kichwa kikimwafiki, akasita, kisha akaifuta vali ubaoni. Mzee alipoinuka, hoja ilikuwa imehamia kwenye tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, na kichwa kikairudia kazi yake.

“Nadhani sote tumeridhika,” Profesa alihitimisha.

Mzee alisimama. “Profesa, naomba radhi, mimi sijaridhika na lolote. Kichwa hiki hakina maoni. Ni vali ya aota, na ulikuwa umeipata.”

Hakukuwa na aliyesinzia tena. Mzee alikuwa amekwisha kupimwa na makundi mengi ya wanafunzi, hivyo somo alilijua kuliko mimi. Aliwaonyesha marezidenti jinsi ya kubonyeza ncha ya ukucha kidogo tu mpaka wekundu uonekane ukija na kurudi kwa kila pigo. Kisha aliketi, akaegemea mbele na kumwita kijana mmoja aje na stetoskopu.

“Umeiweka juu mno, Daktari. Shuka, ukingo wa kushoto wa mfupa wa kifua. Sasa niambie nitoe pumzi yote na niizuie. Hukuniambia. Haya, nimeizuia mwenyewe, sikiliza upesi.”

Profesa alikuja wa pili kwenye foleni na kusikiliza kwa muda mrefu. Slaidi zangu zilizobaki hazikuonyeshwa kamwe. Jioni rezidenti mkuu aliniletea fomu za tathmini ya mkutano, ambazo kwa kawaida hurudi tupu. Safari hii zilikuwa zimejazwa pande zote mbili. Mojawapo ilisema: “Mhadhiri wa suti anafundisha vizuri sana na aalikwe tena. Yule msaidizi wake wa projekta apunguze maneno.”