Zana Inayobaki Mtandao Unapoondoka

Huu ni mwaka wa tano nikifanya kazi ya kutafsiri na kuhariri nikiwa nyumbani, Mwanga, hapa Kigoma mjini. Vijana wanaotaka kuanza kazi za namna hii huniuliza mara kwa mara ni tovuti na programu zipi zitakazowasaidia kutulia na kumaliza kazi kwa wakati. Mimi huwajibu kwa swali: ukizima data sasa hivi, programu hiyo itaendelea kufanya kazi? Kama haitaendelea, siihesabu miongoni mwa zana zangu, hata iwe imesifiwa namna gani.

Msimamo huu niliupata kwa hasara. Alasiri moja ya masika, wingu lilipokuwa limelala juu ya ziwa hata milima ya upande wa Kongo haionekani, nilikuwa nimebakiza kurasa mbili za mwongozo wa afya ambao mteja alikuwa akiusubiri jioni ile. Nilikuwa naandika moja kwa moja ndani ya kivinjari, kwenye tovuti niliyojiunga nayo wiki moja kabla kwa sababu ilikuwa na rangi nzuri na orodha za kazi zinazopendeza. Radi ikapiga, umeme ukakatika, na haukupita muda mtandao wa simu nao ukapotea. Kompyuta yangu ilikuwa na chaji ya kutosha, lakini ukurasa uliganda palepale, na nilipoufungua usiku, kazi yote ya tangu asubuhi haikuwamo. Nilikesha nikitafsiri upya sentensi nilizokwisha kuzitafsiri, na hakuna uchovu unaoumiza kama huo.

Tangu siku hiyo naandikia LibreOffice, programu ya bure iliyoanza mwaka 2010, ambayo unaipakua mara moja na baada ya hapo haidai bando wala usajili. Ninapofanya kazi na wenzangu kwenye hati moja natumia Google Docs, lakini kwa sharti moja ambalo wengi hawalijui mpaka siku ya msiba: uwezo wa kuandika nje ya mtandao lazima uuwashe mapema, mtandao ukiwapo, na hati unayoihitaji uhakikishe imehifadhiwa kwenye kifaa chako.

Zana ninayoipenda kuliko zote, na ambayo nashangaa haizungumzwi vya kutosha huku kwetu, ni Kiwix. Ni programu ya bure inayokuwezesha kushusha Wikipedia nzima na kuisoma bila mtandao kabisa. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha zake zote ni mzigo mkubwa unaozidi GB 90, kwa hiyo mimi nilichukua toleo lisilo na picha, na ile ya Kiswahili, ambayo ni ndogo zaidi, nikaiweka hata kwenye simu. Faida yake haiishii kwenye bando. Nikitaka kuhakiki jina la ugonjwa au mwaka wa tukio fulani, nafungua, nasoma, nafunga, narudi kwenye kazi. Hapo zamani swali dogo kama hilo lilinifungulia mlango wa ujumbe, habari za mpira na video, na nusu saa ikapotea bila mimi kujua imekwendaje. Maktaba iliyo ndani ya mashine haina njia ya kunipeleka huko.

Jambo la saa nalo linahitaji uangalifu, hasa kwa anayefanya kazi na watu wa mbali. Nilikuwa na kikao cha kila Jumatatu na mteja aliyeko London, saa nane mchana kwetu, na nilikizoea kiasi kwamba sikuwa nakiandika popote. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, nasi saa zetu hazisogei, hivyo Jumatatu iliyofuata kikao kilifanyika saa saba yetu na mimi nikafika kimekwisha. Sasa kila kikao nakiingiza kwenye kalenda ya simu kwa saa za eneo la mteja, na simu inanigeuzia yenyewe. Kisha kwenye kichwa cha tukio naandika kwa maneno "saa nane mchana", kwa sababu 14:00 ninaiona kwa macho lakini akili yangu haihesabu siku namna hiyo.

Kuhusu kipima muda, wengi hufuata utaratibu wa Pomodoro uliobuniwa na Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, wa dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, ambao ulipata jina lake kutokana na saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Kwa tafsiri naona dakika 25 hazitoshi, hivyo naweka 50, na saa ya simu inatosha kabisa. Imenisaidia hata na majirani, ambao kwao mtu aliye nyumbani ni mtu aliyepumzika. Mama mmoja jirani alibisha hodi akitaka nimshikie mtoto afike Kibirizi kuchukua dagaa. Nilimwamkia, nikamwonyesha kioo cha simu: "Mama, zimebaki dakika kumi na mbili, nikimaliza nakuja mwenyewe." Aliitazama ile namba ikishuka, akaketi kibarazani akasubiri. Maneno matupu ya "nina kazi" hayakuwahi kumtosha.

Zipo kazi zisizowezekana bila mtandao, kama vikao vyenyewe na huduma kwa wateja, na kwa hizo nina laini ya pili ya kampuni nyingine. Zilizobaki nazipangia Jumapili usiku: napakua hati za wiki, nafungua kila moja nikiwa nimezima data, na isiyofunguka naishughulikia usiku huohuo.

Juzi umeme ulikatika saa nne asubuhi na mtandao ukafuata. Niliendelea kuhariri hadi chaji ikabaki asilimia kumi na tisa, nikaenda kula ugali na migebuka, na mtandao uliporudi saa tisa hati ikapanda yenyewe kwa mteja kabla sijanawa mikono.