Mlima Kenya: Jina la Mlima Liacheni, Vilele na Mabonde Ndiyo Yenye Kasoro

Wanaodai Mlima Kenya urudishiwe "jina la asili" wanasahau kwamba hilo tulilonalo ni la asili tayari. Johann Ludwig Krapf aliuona kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, na waliomtajia jina ni Wakamba. Mkikuyu husema Kĩrĩnyaga. Mkamba huzidondosha r na g, akasema Kiinyaa. Mmisionari akaandika alivyosikia, na 1920 jina la mlima likawa jina la koloni zima.

Kuhusu maana, wapo wanaosema ni mlima wa mng'ao, na wapo wanaomtaja mbuni, kwa kuwa dume lake lina manyoya meusi yenye weupe. Wamaasai waliita Ol Donyo Keri, mlima wa mabaka. Mwamba mweusi, barafu nyeupe: kila mmoja alieleza alichokiona kutoka kwake. Sioni cha kugombania hapo.

Kasoro zinaanzia juu, ukishavuka mita 4,000. Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kileleni kwanza tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, aligawa majina alivyopenda. Batian (mita 5,199) ni Mbatian, laiboni (kiongozi wa kiroho) wa Wamaasai, aliyekatwa M yake. Nelion (5,188) ni Nelieng, ndugu yake. Lenana (4,985) ni Olonana, mwanawe. Heshima kwa Wamaasai ni jambo jema, ila walau jina la mtu liandikwe sawasawa. Vilele vingine vingi vina majina ya wageni: Pigott, Thomson, Dutton. Barafu kubwa kuliko zote iliitwa Lewis, kwa jina la mwanajiolojia Mmarekani aliyefariki 1888, miaka 11 kabla Mackinder hajafika. Barafu hiyo imeyeyuka kiasi kwamba huenda jina likabaki kwenye ramani tu.

Haya yangekuwa mambo ya hisia tupu kama hayangemchanganya mtu aliye mlimani. Kambi ya Mackinder haiko Bonde la Mackinder. Iko Bonde la Teleki, upande wa magharibi, kwenye njia ya Naro Moru. Bonde la Mackinder liko kaskazini, kwenye njia ya Sirimon, na kambi iliyomo humo inaitwa Shipton. Sasa fikiria mpagazi anapiga simu usiku, mgeni wake ana kichwa kinachopasuka na anayumba akitembea, mtandao unakatika, neno lililosikika ni "Mackinder". Waokoaji wapitie lango gani? Hata akitaja mwinuko hajawasaidia, maana kambi zote mbili ziko kwenye kama mita 4,200. Ukikosea upande, kuvuka kwa mguu ni kuzunguka vilele kupitia Hausburg Col, pito la juu lenye karibu mita 4,600, na mgonjwa wa mwinuko, aliyeathiriwa na hewa nyembamba ya juu, anahitaji kushushwa, tena upesi.

Kuna na Lenana. Wengi hurudi nyumbani wakisema wamefika kilele cha Mlima Kenya, kumbe wamefika cha tatu, mita 214 chini ya Batian. Si aibu hata kidogo, ila waongozaji wangewaambia mapema: Lenana ni kutembea, Batian ni kamba na mwamba.

Wakwea mwamba wenyewe hupanga safari kwa pande. Juni hadi Septemba jua huwa kaskazini, mwamba wa upande huo hukauka, basi Batian hupandwa kwa kaskazini. Desemba hadi Machi mapema jua huwa limehamia kusini, nao hupitia uso wa kusini-mashariki wa Nelion. Anayekosea msimu hukuta nyufa zimejaa barafu pale alipotarajia kushika jiwe kavu.

Kwa hiyo, kwanza zitenganishwe hizo Mackinder mbili: bonde lipewe jina jipya na watu wa upande huo, kambi ibaki na lake kwa kuwa ndilo linalotajwa zaidi. Pili, kila kibao na kila banda liandikwe upande wake pamoja na jina, kwa mfano "Teleki, magharibi". Tatu, Mbatian arudishiwe M yake. Na mpaka hayo yafanyike, ukipiga simu kuomba msaada taja lango ulilopandia, Naro Moru, Sirimon au Chogoria, kabla hujataja kitu kingine chochote.