Uchungu wa Mzee Kitambi

Kitambi changu cha jukwaani ni mto wa sufi uliofungwa kwa khanga mbili na kufunikwa kwa shati la mtumba lisilo na vifungo. Tai inafika magotini. Usoni napaka sembe na masizi ya sufuria. Huku Tanga ndiko alikotoka marehemu King Majuto, kwa hiyo mchekeshaji hapandi jukwaani kienyeji. Ukiboronga, watu wanakutazama tu mpaka unajionea huruma.

Siku hiyo tulikuwa kijiji kimoja cha Muheza, chini ya mwembe, na igizo la kipindupindu. Mzee Kitambi anakunywa maji ya kisima bila kuchemsha, eti moto unaua vitamini. Ilipofika zamu ya kuumwa tumbo nikayumba, nikaanguka, nikalia, "Mama yangu weee!" Khanga ya chini ikalegea, mto ukaporomoka mpaka kinenani. Nikaudaka kwa mikono miwili.

Mwezeshaji wetu, kijana asiyependa mambo nje ya ratiba, akapiga filimbi. Ndivyo sanaa shirikishi inavyokwenda: mambo yakifika pabaya igizo linasimama, wananchi wanaulizwa, na mwenye jibu anaingia uwanjani. Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoipeleka Malya, kule Kwimba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mada mojawapo ilikuwa mimba za wanafunzi. Sisi mimba ilijialika yenyewe.

"Ndugu wananchi, mwenzetu huyu anasumbuliwa na nini?"

"Uchungu!" akajibu mama mmoja kutoka nyuma.

"Na tumsaidieje?" Maskini, alikuwa anafuata karatasi yake.

"Aitwe Bibi!"

Bibi hakungoja kuitwa. Mkunga wa jadi, mfupi, kitenge kimekazwa kiunoni. Akanawa kwa sabuni kwenye ndoo yetu ya maonyesho (hilo ndilo somo pekee la kipindupindu walilopata siku ile), akawafukuza wanaume kwa mkono mmoja. Wanawake wakanizungushia khanga.

"Sukuma!"

"Bibi, mimi mwanamume!"

"Ungeyasema hayo miezi tisa iliyopita. Sukuma!"

Nilisukuma. Ningefanyaje? Mto ukatoka, Bibi akaushika miguu nisiyoijua iko wapi, akauning'iniza na kuuzaba kofi ulie. Mshono ukaachia. Sufi ikatapakaa hewani, ikaganda kwenye sembe ya usoni kwangu, Bibi akapiga chafya, na vigelegele vikapasua mwembe. Wakaanza kututunza: sarafu, mayai, machungwa nusu kiroba. Mwenyekiti wa kijiji, kwa uso mkavu kabisa, akauliza baba ni nani. Wenzangu wote wa kikundi wakatazama chini.

"Ndugu wananchi, turudi kwenye kipindupindu," mwezeshaji akasihi.

Nikataka kuinuka. Bibi akanikandamiza bega: mzazi haamki. Ukaletwa uji wa pilipili manga, nikanyweshwa wote. Basi sehemu iliyobaki nikaigiza nimelala mkekani, mto ubavuni, nikitaja dalili za kipindupindu huku jasho la pilipili likichuruzika na sembe kuingia machoni.

Mwishoni Mzee Kitambi anatakiwa kufa. Nikafumba macho, nikalegeza shingo.

"Thubutu!" Bibi akanitingisha. "Mzazi wangu mimi hajawahi kufa."

Mwezeshaji akapiga filimbi ya kumaliza.