Shahada ya mawasiliano na asilimia ya ajira inayotupumbaza

Kila msimu wa mahafali ukipita, wahariri wa redio na magazeti hapa Mwanza hurudia lawama ile ile: vijana wanakuja na shahada za mawasiliano ya umma, GPA (wastani wa alama) inapendeza, lakini ukimtuma mmoja soko la samaki la Mwaloni Kirumba na kinasa sauti, anarudi na dakika 40 za mazungumzo na hajui habari ni ipi. Wahadhiri nao hujibu kwamba chuo kikuu si karakana. Mabishano haya ni ya zamani katika mji ambao chuo cha Nyegezi kilifunguliwa 1960 na kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino 1998, na yanavihusu vyuo vyote nchini vinavyofundisha fani hii. Kilichobadilika ni kipimo. Siku hizi wazazi, wanafunzi na hata wakuu wa vyuo wanataka mjadala umalizwe na namba moja, asilimia ya wahitimu walioajiriwa. Namba hiyo ni dhaifu kuliko inavyoonekana, na wanaoumia kwayo ni watu wa darasani, kwa kuwa sehemu bora ya kazi yao haimo ndani yake.

Wahariri hawasemi uongo. Redio nyingi za mikoani zina watu wachache. Anayeajiriwa Jumatatu anatakiwa Jumanne asome taarifa ya habari, Jumatano awe kwenye kikao cha baraza la madiwani, na katikati ya hayo akate klipu ya sekunde 30, asawazishe sauti na kuipandisha mtandaoni kabla ya saa saba mchana. Mhitimu ambaye studio ya chuo aliiona mara mbili, tena wakiwa kumi wamesimama nyuma ya mwenzao mmoja aliyeshika kipanya, hawezi hayo. Ipo pia mitaala inayolipa gazeti la karatasi sura nzima na video ya simu aya moja. Hapo sina utetezi.

Ila tutazame ni upungufu wa aina gani. Kuhariri sauti kwa programu kama Audition ni jambo ambalo mtu mwenye kompyuta na msimamizi mvumilivu hulishika kwa wiki mbili tatu, na kituo kikibadili programu, anaanza upya kujifunza vitufe. Kutoiona habari ndani ya dakika 40 za sauti ni upungufu mwingine kabisa, na studio mpya haiuondoi. Wahariri huyafunga yote mawili katika lawama moja, na vyuo vikitaka kujisafisha hununua kamera.

Sasa turudi kwenye asilimia. Tuchukulie mfano wa darasa la wahitimu 200. Chuo kinawatafuta baada ya mwaka mmoja kwa simu na barua pepe, kinawapata 80, na kati ya hao 60 wanasema wana kazi. Ripoti ya chuo itaandika kuwa asilimia 75 wameajiriwa. Mkosoaji atagawanya 60 kwa 200, apate asilimia 30. Wote wawili wamegawanya vizuri, na wote wawili hawajui chochote kuhusu wale 120 waliosalia. Kuna waliobadilisha laini. Kuna wasio na kazi wanaoona aibu kujibu. Kuna pia aliyeko ofisi ya uhusiano ya kampuni kubwa Dar es Salaam, ambaye hana nafasi ya kujaza dodoso. Huwezi hata kusema kosa limeelemea upande gani, maana walionyamaza hawakunyamaza kwa sababu moja.

Na wale 60 wana kazi gani? Korespondenti anayelipwa kwa habari iliyotoka, bila mkataba, bila bima, wiki nyingine habari tano na wiki nyingine hakuna, anahesabiwa ameajiriwa. Anayefanya uwakala wa fedha za simu kwenye kibanda cha shangazi yake Buzuruga naye ana kazi. Afisa habari wa halmashauri ana kazi. Ukiwaweka hawa watatu chini ya neno moja, umepoteza kile hasa ulichotaka kujua. Muda nao unaingia: ukiuliza baada ya miezi sita utapata waliobahatika, ukiuliza baada ya miaka mitatu utapata pia waliotoka kabisa kwenye fani na wanaendelea vizuri, na hapo mtu anaweza kubishana usiku kucha kama hayo ni mafanikio ya shahada au kuikimbia.

Hata namba hiyo ingekusanywa kwa uaminifu wote, bado ingepima soko zaidi ya darasa. Matangazo yakihamia kwenye simu na magazeti yakapunguza kurasa, ajira zinashuka kwa mhitimu hodari na kwa mvivu vilevile. Ulinganisho wenye maana ungekuwa kati ya mwenye shahada na kijana wa uwezo ule ule aliyeishia stashahada. Sioni chuo chenye hamu ya kuufanya.

Stashahada si mfano niliouokota tu. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake za 2017 ziliweka stashahada ya uandishi wa habari kuwa elimu ya chini ya kupata ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi. Kisheria, kwa hiyo, mtu wa kushika kinasa sauti hahitaji shahada. Hoja ya wahariri inajikwaa hapa bila wao kutambua: kama wanachotaka ni mikono iliyo tayari, tayari ipo ngazi ya chini, ya bei nafuu zaidi. Shahada inabidi ihukumiwe kwa kile inachoongeza juu ya hapo, na hicho kimo kwenye masomo ambayo wanafunzi wenyewe huyanung'unikia: takwimu, mbinu za utafiti, sheria ya habari, maadili.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Ndani walikuwemo watu 43, abiria 39 na wafanyakazi 4 wa ndege. Siku ile ile zilienea namba mbili: waliookolewa 26, waliofariki 19. Jumlisha. Ni 45, na ndege ilibeba 43. Baadaye ikafahamika walionusurika ni 24. Taarifa nyingi zilizibeba namba zote tatu, 43, 26 na 19, ndani ya habari moja, na hakuna kamera yoyote duniani ambayo ingelishika kosa lile. Anayelishika ni mtu aliyezoeshwa kujumlisha kabla ya kusoma, kisha kuuliza: hawa wawili waliozidi ni nani? Ni waokoaji waliopelekwa hospitali? Kuna aliyehesabiwa mara mbili, ufukweni na wodini? Nani ametoa namba ya 26, na aliitoa saa ngapi? Somo la mbinu za utafiti likifundishwa sawasawa, limejaa maswali ya namna hii. Likifundishwa vibaya ni ufafanuzi wa istilahi wa kukariri kwa ajili ya mtihani, na hapo mwanafunzi ana haki ya kunung'unika.

Chukua pia habari ya kila wiki kwenye mwambao wetu: kiongozi amewataka wavuvi kuachana na uvuvi haramu. Aya ya kwanza inaanza na cheo chake, inaishia na neno "amewataka", na chini yake kuna nyavu zinazochomwa moto zenye thamani ya mamilioni. Mwenye shahada anatakiwa aulize thamani hiyo imepigwa kwa bei ya nyavu mpya au kuukuu, ni makokoro au timba (aina mbili za nyavu haramu), ni nyavu ngapi, na sangara waliokamatwa chini ya sentimita 50 walipelekwa wapi. Akishindwa, shahada yake imefanya kazi ya stashahada kwa gharama kubwa.

Uwezo huo hujengwa kwa kuandika, kurudishiwa kazi iliyosahihishwa, na kuandika tena. Nionavyo mimi, hiki ndicho kipimo ambacho wakaguzi na wazazi hawakigusi. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Somo la uandishi la krediti 12 ni saa 120. Ukitoa mihadhara na semina, tuseme saa tatu kwa wiki kwa wiki 15, zinabaki saa 75. Hizo zinatosha kazi tano za maana, saa 15 kila moja: kwenda, kuhoji, kuandika, kusahihishwa, kuandika upya.

Tatizo liko kwa msahihishaji. Kusahihisha habari moja ya maneno 500 kwa umakini, ukionyesha aya ya kwanza ilipopotea na dai lisilo na chanzo, ni dakika 20 hivi. Darasa la watu 150 linakula saa 50 kwa kazi moja, na kazi tano ni saa 250. Mhadhiri mwenye masomo matatu ya namna hiyo angehitaji saa 750 katika muhula ambao, kwa saa 40 za wiki 15, una saa 600 tu, na hapo hajafundisha kipindi hata kimoja. Haiwezekani, na kila mtu chuoni anajua haiwezekani. Ndipo inapozaliwa kazi ya kikundi: majina kumi kwenye jalada, wawili wameandika, mmoja amelipia uchapaji, waliobaki wamechangia kwa maombi. Anapewa alama 14 kati ya 20 kila mmoja. Zile saa 75 zinabaki kwenye karatasi ya mtaala, ambako mkaguzi anazikuta zikiwa kamili. Mtahini wa nje naye akija hukutana na majibu ya mtihani wa mwisho. Rasimu za katikati ya muhula hazimo mezani kwake.

Ukilipunguza darasa hadi watu 30 kwa somo la uandishi peke yake, kazi moja inakuwa saa 10. Nakubali kwamba hili ni rahisi kulisema. Vyuo binafsi vinaishi kwa ada, na kuligawa darasa moja la 150 kuwa matano ni kuongeza walimu bila kuongeza mapato. Njia ya kati ipo: mihadhara ibaki mikubwa, warsha za uandishi ziwe ndogo, na zisimamiwe na wahariri wa mjini wanaolipwa kwa saa. Kikwazo ni kwamba ajira ya uhadhiri hufuata shahada za juu na GPA, kwa hiyo mhariri mwenye stashahada na miaka 20 ya dawati hana mlango. Lakini hakuna anayemkataza kusahihisha akiwa mkufunzi wa mazoezi chini ya mhadhiri wa somo. Fedha ya kamera mbili ingemlipa kwa muda mrefu.

Wahariri nao wana deni lao kwenye mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wote tunayaita field. Mwanafunzi hukaa kituoni wiki sita hadi nane kutegemea chuo, anajaza daftari lake wikiendi ya mwisho, na msimamizi kutoka chuoni anapita mara moja. Fomu inayokuja mezani kwa mhariri inauliza nidhamu, mahudhurio, ushirikiano na mavazi. Kijana anafika mapema, anasalimia wakubwa shikamoo, kwa hiyo anapata 18 kati ya 20. Miezi kadhaa baadaye mhariri yule yule analalamika kwamba wahitimu hawajui kuandika. Fomu ingedai viambatanishwe vipande vitatu, kila kimoja kikiwa kama mwanafunzi alivyokileta na kama kilivyotoka hewani, ingekuwa vigumu kwa pande zote mbili kujificha.

La lugha halina pande mbili za kupima. Mihadhara na mitihani ni kwa Kiingereza, redio zetu zinatangaza kwa Kiswahili. Mtu anamaliza miaka mitatu bila kusahihishiwa hata ukurasa mmoja wa Kiswahili, kisha tunashangaa anaandika "zoezi hilo limefanyika" mahali ambapo angesema watu wamehesabiwa. Angalau masomo ya uandishi wa habari na utangazaji yafanyiwe kazi kwa lugha ambayo mtu atakwenda kuitumia.

Mzazi anayepima programu ya mawasiliano kabla ya kulipa ada asiishie kutembezwa studio. Aombe kuona kazi tatu za mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili, rasimu ya kwanza na ya pili zikiwa pamoja, jina likiwa limefutwa. Alama ya vema na 7/10 haitoshi. Aangalie kama kuna mstari uliokatwa, swali lililoandikwa pembeni, na kama rasimu ya pili imelijibu. Akiambiwa kazi hizo hazihifadhiwi, aulize darasa lina watu wangapi na nani anayesahihisha.