Siku Niliyonawa Kasiksi

Kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukiota vipele kidevuni, kila mtu ni daktari wako. Motari anayekupeleka Nyawera atakushauri upake ndimu. Mama anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani, atakwambia ni damu chafu, unywe majani machungu kabla hujala kitu. Kinyozi wangu wa Kadutu, ambaye vipele vile vyote vilikuwa kazi ya mkono wake, alikuwa na tiba moja tu: alkoli. Anakukwangua kwa wembe mpaka kidevu kinang'aa, anajimwagia alkoli viganjani, anakupiga nayo mashavu yote mawili, na ukiruka kutoka kitini anacheka: "Ikikuluma, njo iko natumika, Papa!"

Kutumika, yaani kufanya kazi, haikutumika. Kuluma ililuma.

Aliyewahi kunieleza jambo hili kwa akili ni binamu yangu, muuguzi kwenye kituo cha afya. Alisema nywele zetu zimejikunja tangu zikiwa ndani ya ngozi. Ukizinyoa hadi mwisho, wembe unaziacha na ncha kali. Zikianza kuota tena, badala ya kwenda zao nje, zinajipinda na kuichoma ngozi ileile zilikotoka. Mwili unaziona adui, unavimba, wakati mwingine unatoa usaha. Wewe unaona uvimbe, unapitisha wembe juu yake, na mambo yanaharibika zaidi. Hizi nyembe za makali matatu au manne, ambazo mimi nilikuwa nikizinunua kwa majivuno, zinaweza kuwa mbaya zaidi: makali ya kwanza yanauvuta unywele, ya pili yanaukata, kisha unarudi kuzama chini ya ngozi.

"Sasa nifanye nini?" nikamuuliza.

"Usifanye kitu. Acha ndevu zikue mwezi mzima hivi, zilizonasa zitajinasua zenyewe. Halafu uwe unapunguza kwa mashine, ubakize kivuli. Na kama roho inataka wembe tu, basi maji ya uvuguvugu kwanza, povu la kutosha, ufuate zinakolala, na ngozi usiivute."

Ushauri wa kukaa bila kufanya kitu ulinifaa sana. Niliufuata kwa moyo wote, nikaanza kuota ndevu za heshima, mpaka baba mdogo aliponichagua kuwa msemaji wa familia kwenye mahari ya mdogo wangu.

Kwetu Bushi, nchi ya Wabashi, mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, hata kama siku hizi ng'ombe wenyewe wanaingia kwenye bahasha. Msemaji ndiye anayesimama mbele ya wakwe. Anasifu, anapiga methali, analalamika kwa adabu, na katikati ya adabu hiyo anapunguza ng'ombe mmoja mmoja bila mtu kukasirika. Ni kazi ya mdomo, lakini baba mdogo yeye alikuwa anaangalia kidevu.

"Ukienda vile, watasema familia yetu iko na ugonjwa," akasema. "Wataongeza ng'ombe wa hatari."

Ndiyo sababu nikapanda soko la Kadutu. Pale kuna kijana anayeuza pomadi za kila aina, zikiwemo zile za kujichubua ambazo watu wananunua wakiangalia pembeni. Nilipomwonyesha kidevu hakuuliza hata swali. Alivuta kopo la unga lenye picha ya mwanaume mwenye uso laini anayecheka, na maandishi madogo madogo ya Kiingereza kuzunguka kopo lote.

"Hii hakuna wembe," akasema. "Unachanganya na maji, unapaka, unangoja, unakwangua na kijiko, unanawa. Unakuwa mtoto."

"Nangoja muda gani?"

"Mpaka usikie zinalegea."

Nilimpigia binamu nikiwa palepale sokoni. Akaniambia unga huo anaujua, wanaume weusi wa Marekani wameutumia miaka mingi. Haukati unywele, unauyeyusha, kwa hiyo ncha inabaki butu na haichomi ngozi kwa urahisi. "Lakini sikiliza vizuri," akaendelea, "kabla ya kupaka usoni, uhakikishe..." Hapo yunite zangu za simu zikaisha. Nilichosikia kilinitosha: ncha inabaki butu. Kama kulikuwa na jambo la maana zaidi, angeweza kulisema mwanzoni.

Jumamosi asubuhi, siku yenyewe, nikachanganya unga kwenye bakuli. Robine, bomba letu, ilikuwa inatoa maji vizuri, naapa. Nikakoroga mpaka ukawa uji mzito wa kijivu, nikajipaka kuanzia sikio hadi sikio, na juu ya mdomo pia. Harufu ikatoka. Mkopo wa mayai mabovu, na riba juu yake. Watoto walikimbilia nje bila kuambiwa. Mke wangu alisimama mlangoni na upande wa kitenge puani, akauliza kwa upole kabisa: "Papa Neema, kuna kitu kimekufa humu ndani?"

Nikamwambia aniache, mambo ya wanaume. Nikakaa kwenye kigoda, macho nimeyafumba, nikifanya mazoezi ya hotuba kichwani. Nikaanza kusikia joto. Nikawaza: zinalegea. Joto likawa kubwa. Nikawaza: zinalegea sana. Lilipokuwa moto kabisa nikaenda kwenye robine, nikafungua, nayo ikakohoa mara moja, ikatoa hewa, ikanyamaza.

Mtu wa Bukavu hashangai maji yakikatika. Ndiyo maana kila nyumba ina bidoni ya akiba. Nikaikimbilia ya kwetu. Tupu.

"Maji iko wapi?"

"Nimelowekea shati yako," mke wangu akajibu. "Si ulisema inapaswa kuwa nyeupe?"

Shati lilikuwa ndani ya beseni, limezama kwenye sabuni na javeli, ile dawa kali ya kung'arisha nguo. Nililitazama lile beseni muda mrefu kuliko inavyostahili. Javeli usoni, hapana. Nikatoka mbio nje, taulo begani, uso wa kijivu, nikikimbilia kwa jirani. Watoto wa parseli nzima wakapiga kelele za furaha, mmoja akaanza kuimba.

Jirani yetu anapika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ya kuuza. Alikuwa amekaa na masufuria yake, na wazee wawili watatu wakingoja waonje ya asubuhi.

"Mama, maji! Nisaidie maji!"

"Maji tangu jana jioni hakuna huku," akasema. Aliutazama uso wangu kwa huruma. "Iko paka kasiksi." Yaani kasiksi tu.

Wewe msomaji uliyeketi hapo na uso mzima, utasema ningengoja. Ngoja wewe. Mimi nilitumbukiza uso kwenye sufuria.

Baadaye binamu alinieleza kisayansi nilichokifanya. Unga ule una chumvichumvi za salfa, na nguvu yake inatokana na kuwa mkali upande wa sabuni, kinyume cha uchachu. Kasiksi ni chachu, imechacha kutoka kwenye ndizi. Vikikutana viwili hivyo, ile gesi ya mayai mabovu inatoka kwa wingi zaidi. Mimi wakati ule sikujua sayansi yoyote. Nilijua tu kwamba nilipoinua kichwa, wazee wote walikuwa wamesimama upande wa pili wa njia. Mmoja wao, mzee mwenye kofia ya pama, alirudi taratibu, akachungulia ndani ya sufuria iliyokuwa ikielea ndevu zangu, akachungulia uso wangu, kisha akamgeukia mama mwenye kasiksi:

"Hii, utanipunguzia ngapi?"

Sufuria nzima nililipa mimi.

Kilichoniokoa ni kijana aliyekuwa akipanda mlima na bidoni ya njano kichwani, ametoka kuchota chemchemi huko bondeni. Alitaja bei. Sijawahi maishani kununua kitu Bukavu bila kuomba kipunguzwe, hata kiberiti. Siku ile sikuomba. Nilipiga magoti barabarani akanimwagia lita zote ishirini, polepole, kwa ustadi wa mtu anayemwagilia mchicha, huku akisema, "Fumba macho, papa, fumba macho."

Nilipojipangusa, taulo lilibaki na utelezi wa kijivu uliojaa vinywele vilivyokatikakatika. Mke wangu akaniletea kioo kisha akaondoka haraka. Shavu la kulia lilikuwa laini kweli, siwezi kumnyima haki yule kijana wa pomadi. La kushoto lilikuwa na mabaka. Kidevu kilikuwa chekundu, kibichi, kinang'aa. Na juu ya mdomo, nusu ya masharubu ilikuwa imekwenda na kasiksi, nusu ilikuwa imegoma.

Majirani wakaleta tiba. Huyu na dawa ya meno, yule na mafuta ya mawese, na kinyozi wangu, sijui nani alimwita, na kichupa chake cha alkoli. Nikamwomba mke wangu simu yake, nikampigia binamu.

"Maji," akasema. "Maji safi mengi, halafu maji tena. Dawa ya meno hapana, mafuta ya jikoni hapana, na huyo wa alkoli mfukuze. Ukishakauka, vazelini kidogo. Wembe usiuguse mpaka ngozi ipone kabisa." Akanyamaza kidogo. "Ulijaribu kwanza kwenye mkono, siku moja kabla, nilivyokwambia?"

"Yunite ziliisha."

"Na dakika zilizoandikwa kwenye kopo?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.

Saa nane tulikuwa Bagira kwa wakwe, mimi nimevaa shati lenye weupe wa kutisha na uso uliopakwa vazelini. Masharubu yaliyobaki mke wangu aliyaondoa kwa mkasi. Upande wa pili msemaji wao alikuwa mzee mwembamba mwenye fimbo, mtu aliyezoea. Akasifu binti, akasifu shule zake, akasifu mpaka mapishi ya bibi yake, akamaliza: ng'ombe saba.

Nikasimama. Hotuba nilikuwa nayo, na methali yake. Nikafungua mdomo, ngozi ya kidevu ikavutika, nikaufunga. Kimya. Nikamtazama tu.

Mzee akakohoa. "Sita," akasema, "maana tunaona mmetoka mbali."

Tulikuwa tumetoka Kadutu, mjini humohumo. Nikajaribu kumshukuru, ikatoka "mmm" peke yake. Baba mdogo akanikanyaga mguu chini ya meza, maana yake nisiharibu. Wakati huohuo jasho likateremka kutoka kwenye paji la uso, likafika kidevuni, na machozi yakanitoka bila mimi kuyaita.

"Jamani, mnamliza mtoto wa watu!" akasema shangazi wa binti kutoka upande wa wanawake.

Wakanong'onezana. Mzee akagonga fimbo sakafuni: tano, na mbuzi wa mama mzazi.

Nikaitikia kwa kichwa. Watu wakapiga makofi, na kwa desturi msemaji wa wageni hunywa wa kwanza kuthibitisha neno. Nikaona binti mdogo anakuja, amepiga magoti, ameshika kibuyu kwa mikono miwili. Harufu niliijua kabla hakijanifikia. Kasiksi. Wote wananitazama, baba mdogo anatingisha kichwa kunihimiza. Nikanywa. Chachu ikapita juu ya mdomo uliochubuka, nikapiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka ziwani.

Wanawake wa upande ule wakajua nimefurahi. Wakaitikia kwa vigelegele, ngoma ikaanza, na yule mzee wa fimbo akanijazia kibuyu cha pili.