Kwenda Laikipia kwa ajili ya tembo wa Chemba

Mwishoni mwa muhula uliopita, wazazi wa wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari hapa Dodoma tuliitwa kikaoni kuelezwa kuhusu safari ya mafunzo ya siku kumi na mbili nchini Kenya. Kwa mujibu wa ratiba tuliyogawiwa, wanafunzi ishirini watasafiri kwa basi kupitia Kondoa, Babati na Arusha hadi mpaka wa Namanga, watakaa siku tano katika hifadhi ya Ol Pejeta iliyoko Laikipia wakijifunza uhifadhi wa wanyamapori, kisha watapanda Mlima Kenya kwa siku nne hadi kilele cha Lenana chenye urefu wa mita 4,985. Gharama ni zaidi ya shilingi milioni mbili kwa mtoto mmoja, na nafasi zitatolewa kwa watakaotangulia kulipa. Kikao kiligawanyika vibaya, na kwa kuwa kitarudiwa, ningependa kuzipima hoja za pande zote kwa utulivu ambao siku ile haukuwepo.

Waliopinga hawakupinga kwa ubahili. Walisema kwamba nchi yenye Serengeti, Ngorongoro na Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895 haina sababu ya kupeleka watoto wake kwa jirani kutazama wanyama na kupanda mlima mfupi kuliko wake. Walikumbusha pia kwamba wengi wa watoto hao hawajafika hata Kolo, wilayani Kondoa, kuiona michoro ya mapangoni iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ingawa baadhi ya michoro hiyo inaonyesha tembo, twiga na pofu waliochorwa na watu walioishi katika vilima hivyo maelfu ya miaka iliyopita. Kwa fedha za wanafunzi ishirini, darasa zima lingeweza kwenda Kolo na pengine hata Ruaha. Kisha akasimama mzee mmoja kutoka wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, ambaye mjukuu wake anasoma hapo, akasema: "Sisi tembo hatuwafuati. Wanatufuata wao, usiku, mahindi yakishakomaa."

Kauli hiyo ilikinyamazisha kikao, na kwa haki. Katika vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba la Swagaswaga, msimu wa mavuno ni msimu wa kukesha. Familia inajigawia zamu shambani, watoto wakiwa na madebe ya kupiga na watu wazima wakiwa na tochi na moto wa kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili, kwa sababu kundi moja likiingia kwenye ekari mbili za mahindi, kitakachobaki alfajiri ni mabua yaliyolala na nyayo pana kama sinia. Mtoto aliyekulia hapo ana elimu ya tembo ambayo wengi wetu tulioishi mjini hatuna. Zaidi ya hayo, mojawapo ya harakati kubwa za vijana za uhifadhi duniani, ile ya Roots & Shoots iliyoanzishwa na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991 ikiwa na wanafunzi 12 tu. Kwa hiyo, hoja kwamba ni lazima mtoto avuke mpaka ndipo auelewe uhifadhi haina msingi, na watetezi wa safari walioitoa kikaoni waliidhoofisha hoja yao wenyewe.

Hata hivyo, naamini safari ina sababu nyingine iliyo nzito zaidi, ambayo haikuelezwa vizuri. Anayekwenda Laikipia kwa ajili ya kumwona tembo amepoteza nauli. Kinachostahili kufuatwa huko ni namna watu wengine walivyoamua kuishi na mnyama yuleyule. Hapa kwetu njia iliyozoeleka ni kutenganisha: ng'ombe akiingia katika hifadhi ya taifa, mwenye ng'ombe ametenda kosa. Hata katika kuokoa udongo tulifuata njia hiyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, ulioanza mwaka 1973, uliamua mwaka 1979 kuondoa mifugo yote katika eneo la Kondoa lililokuwa limeliwa na makorongo. Majani yakarudi, makorongo yakatulia, lakini zipo kaya zilizolipa gharama kubwa kwa kuhama na mifugo yao.

Ol Pejeta, yenye ukubwa wa takriban ekari 90,000, imechukua njia tofauti. Ng'ombe aina ya borani wanalishwa katika mbuga ileile yenye malisho ya pundamilia na nyati, na usiku wanalazwa katika maboma ya chuma yanayohamishwa ili simba wasiwafikie na ili samadi isambae. Uzio wa umeme unaozunguka eneo hilo una mianya iliyoachwa makusudi kuwa ushoroba, yaani njia ya wanyama kupita. Ndani ya mianya hiyo zimesimikwa nguzo fupi zilizokaribiana, ambazo tembo na twiga huzivuka kwa kuinua miguu, ilhali faru, asiyeweza kuinua wake kiasi hicho, hugeuka na kubaki ndani anakolindwa. Ningetaka mtoto wa mfugaji wa Kigogo asimame mbele ya nguzo hizo, azipime kwa goti lake, na ajiulize ni nani aliyekaa akamtazama mnyama kwa muda mrefu hata akapata wazo hilo. Humo pia wamo Najin na binti yake Fatu, faru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho waliosalia duniani, wote majike, baada ya dume la mwisho, Sudan, kufa Machi 2018. Kitabu cha baiolojia kinaeleza maana ya kutoweka kwa spishi katika aya moja, lakini kumwona askari mwenye bunduki akimlinda mnyama ambaye hatazaa tena ni jambo linalobaki moyoni.

Hapa naona pande zote mbili zinapaswa kuwa waangalifu, kwa kuwa Laikipia si pepo. Wamasai waliondolewa huko kufuatia mkataba wa mwaka 1911 ili kuwapisha walowezi, na mwaka 2017, wakati wa ukame, wafugaji waliingia kwa nguvu katika mashamba makubwa ya eneo hilo na damu ikamwagika. Mwanafunzi atakayeonyeshwa borani walionona bila kuelezwa habari ya ardhi wanayolishwa atarudi na nusu ya somo. Ndivyo ilivyo pia kwa sheria. Kwetu, mkulima aliyeharibiwa mazao hupewa kinachoitwa kifuta jasho, na familia iliyofiwa hupewa kifuta machozi, yaani mkono wa pole ambao haukusudiwi kulingana na hasara. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inataja fidia, na kwa kifo imeweka shilingi milioni tano za Kenya, lakini familia nyingi zimesubiri malipo hayo kwa miaka. Mwanafunzi akiwauliza wanakijiji wa kando ya Ol Pejeta kama neno fidia limewafaa kuliko mkono wa pole, atakuwa amefanya utafiti halisi. Ratiba tuliyopewa haina hata saa moja ya kukutana na wanakijiji hao, na hilo ndilo pengo lake kubwa.

Kuhusu mlima, nakubaliana na wanaoutaka na naogopa pamoja na wasioutaka. Kupanda kwa miguu kunamfundisha kijana kumsubiri mwenzake aliyechoka, kubeba mzigo wake, na kuiona misitu ikigeuka nyasi na nyasi zikigeuka mawe, jambo ambalo jiografia ya darasani huliacha katika mchoro. Lakini Dodoma iko kwenye mita zipatazo 1,100 tu. Ratiba inawataka watoto walale kambi ya Old Moses, mita 3,300, na usiku unaofuata walale kambi ya Shipton, takriban mita 4,200. Ushauri unaotumiwa na wapanda milima wengi ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Hapo wamepandishwa kwa mita 900. Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa kichwa kuuma na kutapika, na mtoto wa umri wa miaka kumi na sita, hasa wa kiume, hunyamaza ili asionekane mwoga, mpaka aanze kuyumba. Tiba yake ni kushuka. Usiku mmoja zaidi njiani, mazoezi ya majuma kadhaa katika kilima cha Mlimwa, na mwalimu mwenye mamlaka ya kumrudisha mtoto bila kubishana na mtu, hayo kwangu ni masharti. Kama hayatatimizwa, mlima uondolewe na siku hizo nne zitumiwe vijijini.

Linalobaki ni utaratibu wa kumpa nafasi anayetangulia kulipa, na siwezi kuutetea kwa namna yoyote. Kwa utaratibu huo, watakaokwenda ni watoto wetu sisi wa mjini, ambao hatujawahi kukesha tukipiga debe, na watakaobaki ni akina mjukuu wa yule mzee, ambao ndio watakaorudi kukaa katika mkutano wa kijiji siku ushoroba au uzio utakapojadiliwa. Angalau nafasi nane kati ya ishirini zitengwe kwa wanafunzi wanaotoka katika vijiji vinavyopakana na mapori, zigharamiwe kwa nyongeza itakayotozwa sisi wenye uwezo, na kabla ya basi kuelekea Namanga, kundi zima lilale usiku mbili Chemba wakati mahindi yakiwa shambani, wenyeji wakiwa ndio walimu.

Najua nyongeza hiyo, pamoja na ule usiku wa ziada mlimani, vitaifanya safari iwe ghali kuliko ilivyoandikwa. Kikao kitakaporudiwa nitasema hadharani kwamba niko tayari kulipia nafasi ya mwanangu na nusu ya nafasi ya mjukuu wa mzee yule, iwapo atapatikana mzazi mwingine wa kulipa nusu iliyobaki.