Ekari nne ambazo Mtwa hana

Rais Museveni ana hesabu asiyochoka kuwarudia wakulima: ekari nne. Moja ya kahawa, moja ya matunda, moja ya malisho ya ng'ombe wa maziwa, moja ya chakula cha nyumbani, kisha kuku na nguruwe uani. Fikra hiyo imo ndani ya Mpango wa Maendeleo ya Parishi uliozinduliwa wilayani Kibuku Februari 2022; parishi huko Uganda ni kitengo cha utawala chenye vijiji kadhaa. Kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopeshwa milioni moja kupitia SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, ya parishi kwa riba ya asilimia 6.

Ipeleke hesabu hiyo Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa Watwa, au Batwa kama wanavyoitwa huko, jamii iliyoishi msituni kwa kuwinda na kurina asali, uone inavyokwama kwenye ekari ya kwanza. Misitu ya Bwindi na Mgahinga ilifanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, nao wakatolewa bila fidia. Wengi hadi leo wanakaa kwenye ardhi ya mtu na kulima kibarua kwa jirani. Mtu wa namna hiyo akikopeshwa fedha za nguruwe, banda atalijenga wapi?

Serikali ina hoja, na si ya kubezwa. Katika mpango huu wanaparishi wenyewe huunda vikundi, huchagua mradi na hukopeshana; uamuzi ni wa wenyeji. Tena, mwenyeji ni nani Uganda? Jedwali la tatu la Katiba linayaita makabila yote ya nchi jamii za wenyeji, kuanzia Baganda walio wengi hadi Ik walio wachache. Mkiga, mkulima wa kabila jirani na Watwa, mwenye nusu ekari kwenye mteremko wa Kanungu, anayeamka akute nyani wa hifadhini wamemaliza viazi, ni mwenyeji na ni maskini vilevile. Mpe Mtwa fungu lake peke yake, Mkiga atauliza yeye kakosa nini. Swali hilo halijibiwi kwa kumwita mbaguzi.

Hata hivyo, mpango huohuo una mafungu ya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, na sijasikia mtu akidai yameigawa nchi. Ibara ya 32 ya Katiba inaagiza waliosukumwa pembeni wasaidiwe. Wingi nao una ukatili wake: Watwa ni kaya chache kila parishi, na mkutano ukipiga kura kuchagua mradi, kahawa itashinda. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba walionewa. Serikali ikakata rufaa.

Ila upande wa pili nao una kasoro zake, na watetezi wa Watwa hawapendi kuzitaja. Tangu miaka ya 1990 wafadhili na mashirika wamewanunulia baadhi yao ardhi, wakawajengea nyumba, wakawagawia mbuzi. Panapokuwa na hati yenye jina la shirika, mwenye nyumba amebadilika tu. Utalii ndio mfano unaonisumbua zaidi. Kule Mgahinga wazee wa Kitwa huwaongoza wageni msituni hadi pango la Garama, wakionyesha dawa, asali na namna ya kuwasha moto. Hiyo ni biashara ya ujuzi wao hasa, hakuna afisa kilimo aliyewafundisha. Lakini lango analifungua mwingine.

Kwangu mimi mkopo usitangulie ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1998 tayari inaruhusu vyama vya ardhi ya jumuiya, na Karamoja, kaskazini-mashariki, wanavyo. Sioni kwa nini Kisoro, Rubanda na Kanungu zishindwe. Ardhi ikiwa yao, waachiwe wachague mizinga ya nyuki badala ya migomba wakitaka, hata kama afisa wa parishi atakunja uso.

Fedha hazijakosekana. Mgeni kutoka ng'ambo hulipa dola 800 kuwaona gorila wa Bwindi, na katika hizo dola 10 hutengwa kwa jamii zinazopakana na hifadhi, zote kwa jumla. Mtwa anahesabiwa humo kama jirani wa msitu.